Kisu cha Amisi

Ilikuwa mwaka 2025, mwisho wa mwezi wa tatu, majira ya mvua, wakati maharagwe yanapopandwa katika vilima vya Masisi. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya mfungo wa Ramadhani.

Saa kumi alasiri, katika ua wa Dancille, kijijini Muheto, Isidore alikuwa ameinua panga juu ya shingo ya mbuzi. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita.

Sauti iliyolizuia panga hilo ilikuwa ya Zaina.

"Isidore! Ukikata, ile nyama utakula weye na imbwa!"

Panga lilibaki hewani. Mbuzi alilia mara moja, kisha akaendelea kutafuna jani lake la mgomba.

"Mama Zaina, jua inaenda," Isidore alisema. "Kichwa nimeielekeza kule munaangaliaka mukisali. Bismillahi naijua. Amisi mwenyewe alinifundisha."

"Kuijua haitoshe. Weye ni Mukatolike."

"Mungu si ni mumoja?"

"Isidore!" Geneviève aliita kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Kuku yako ya Noeli ilikimbia na shingo nusu mpaka kwa kisima. Acha mbuzi ya watu!"

Ua mzima ulicheka. Isidore hakucheka. Alilishusha panga, akalifuta kwa majani, ingawa halikuwa limekata kitu.

Ni lazima ielezwe kwa nini Wakristo wa Muheto walikuwa wakihangaika na futari isiyokuwa yao.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, nyumba ya Dancille iliteketezwa. Zaina, jirani yake Mwislamu, alimpokea jikoni mwake pamoja na watoto wanne, na Ramadhani ilianza juma hilohilo. Kila jioni Zaina alikigawanya chungu chake cha futari. Aliwapakulia watoto wa Dancille, akampakulia Dancille, akaipakulia nyumba yake; na ilipofika zamu yake mwenyewe, chungu kilikuwa kimebakiza ukoko. Kwa siku thelathini Zaina alifungua saumu kwa ukoko. Dancille aliuona. Aliapa moyoni kwamba ataandaa futari moja, yenye nyama, ambayo Zaina atapakuliwa wa kwanza.

Mwaka uliofuata, Ramadhani iliwakuta wote wakiwa wakimbizi. Mwaka huu iliwakuta nyumbani, milio ya mabomu ikisikika kila juma karibu zaidi. Dancille alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja. Majirani walikubali kuchangia: Geneviève alileta maharagwe, wengine wakaleta viazi na unga wa muhogo, na Isidore, ambaye hakuna aliyemtegemea, akaleta bido la lita ishirini la mafuta ya mawese.

Jioni iliyobaki ilikuwa moja. Kesho ingekuwa Idi, na futari haidaiwi wala hailipwi siku ya Idi.

Kilichokosekana ni mtu wa kuchinja.

Muheto ilikuwa na nyumba tatu za Waislamu. Baba wa nyumba ya kwanza alikuwa amekufa. Wa pili alikwenda kuchimba madini Bisie, miaka mingi iliyopita, na hajaleta habari. Wa tatu alikuwa Amisi, mume wa Zaina. Amisi ndiye aliyechinja wanyama wa kijiji kizima. Hata Wakatoliki walimpelekea ng'ombe wa harusi na mbuzi wa matanga, ili watu wote waweze kula nyama moja bila kunung'unika.

Amisi alikuwa amekwenda Walikale kubadilisha maharagwe kwa mafuta ya mawese, pamoja na Isidore na kijana aitwaye Gustave. Siku sita zilizopita Isidore alirudi peke yake.

"Nilibaacha Walikale," alisema siku hiyo. "Banangoja mafuta ishuke bei. Bako nyuma yangu."

Kijiji kilimwamini. Tangu siku hiyo, kila jioni Zaina alimwekea Amisi sahani yake.

Dancille alimsogelea Zaina, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Dada, chinja weye. Dini yenu inakukatalia?"

"Dini hainikatalie. Ni watu njo banakatala. Unajua vile tunaishi hapa. Mwanamuke mwenye iko na bwana hashike kisu ya mbuzi. Mujane njo anachinja, juu hana wa kumuchinjia." Zaina alijifunga kitenge upya. "Na miye niko na bwana."

"Basi batakula maharagi," Geneviève alisema.

"Hapana," Dancille alijibu. "Alinilisha siku makumi tatu. Sitamurudishia maharagi ya Geneviève."

"Maharagi yangu iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya, mama. Lakini si yangu."

Zaina aliweka mkono juu ya bega la Dancille. "Amisi iko njiani. Isidore alisema leo ao kesho. Si njo vile, Isidore?"

Isidore alikuwa bado akilifuta panga.

"Njo vile," alisema.

Wakati huohuo watoto walipiga kelele kutoka ukingoni mwa shamba. Mtu mmoja alikuwa akipanda mlima kwa njia ya Nyabiondo!

Zaina alisimama. Alipangusa uso, akakinyoosha kitenge, akatabasamu kama bibi harusi. Kisha akamwona vizuri mtu yule. Alikuwa mfupi kuliko Amisi, na alichechemea.

"Ni Gustave," alisema, na tabasamu likabaki usoni mwake bila kazi. "Amisi iko nyuma yake."

"Mubaki hapa," Dancille alisema. "Miye nitamupokea."

Alishuka mbio, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

Gustave aliketi chini alipomwona. Hakuwa na viatu. Mabegani, pale kamba za mizigo zilipopita, ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyama. Kutoka kiunoni alitoa kitu kilichofungwa katika kitambaa kilicholowa, akamkabidhi.

Dancille alifungua ncha moja. Aliona mpini uliozungushiwa waya wa shaba. Hapakuwa na mtu Muheto asiyekijua kisu kile.

"Mupatie bibi yake, mama. Miye sitaweza."

"Gustave. Amisi iko wapi?"

"Nilimuzika."

"Ulisema nini?"

"Leo ni siku ya tisa. Kwa barière ya batu ya bunduki, bale banafungaka njia, tukitoka Walikale. Balituambia tubebe mizigo yabo. Amisi akabaambia: bakubwa, miye niko na saumu, muniache nipumzike kidogo, kisha nitabeba. Hakubatukana, mama. Aliomba tu. Balimupiga risasi pale pale." Gustave alikuwa akiitazama mikono yake. "Balinipatia jembe nichimbe. Nilimufunika na majani ya mugomba. Kisha balinibebesha mizigo siku saba. Juzi nilibatoroka."

Dancille aliketi karibu naye katika matope. Gustave akainama, akamwambia neno la pili, sikioni. Neno hilo Dancille atalisema mwenyewe, kwa wakati wake. Kwa sasa itoshe kujua kwamba alipolisikia aligeuza kichwa na kuutazama ua wake, moshi wa jikoni, na watu waliokuwa wakikizunguka chungu.

Jua lilikuwa limebakiza saa mbili.

Mwanamke mwenye akili timamu angepanda mlima na kusema kweli. Dancille aliipima kweli hiyo. Akiisema sasa, Zaina ataanguka chini, atalia, hatakula. Jua litazama. Ramadhani itakwisha. Mwaka ujao hakuna aliyeuhesabu tena, katika Muheto.

Wala isidhaniwe kwamba lilikuwa jambo la huruma peke yake. Dancille alitaka kulipa. Alikuwa amelitamani tendo hilo kwa miaka miwili, na msiba wa mwenzake ulikuwa umesimama kati yake na sahani. Hilo nalo liandikwe.

"Ubaki hapa chini," alimwambia Gustave. "Batakuuliza. Useme Amisi iko nyuma."

"Mama, hiyo ni buongo."

"Buongo ya saa mbili tu."

"Na kisha?"

"Kisha nitamuambia. Akisha kula."

Alipanda.

"Amisi ametuma kisu," alisema mbele ya watu wote. "Iko nyuma, muguu inamuuma, anatembea pole pole. Anasema Zaina achinje, batu basingoje."

Watu walishangilia. Geneviève alipiga sufuria kwa mwiko.

Zaina alikipokea kisu. Hakushangilia.

Amisi hakuwahi kumpa mtu kisu kile, hata kwa kukata kamba. Ndugu yake wa tumbo moja alikiomba siku ya harusi. Amisi alikwenda mwenyewe, mwendo wa siku nzima, kwa miguu, akachinja, akarudi nacho. Usiku kililala chini ya mto wake. Na kila alipokitumia alikikausha, akakipaka mafuta.

Zaina alipitisha kidole juu ya makali. Kulikuwa na kutu.

"Alisema nichinje miye?"

"Njo alisema."

"Yeye, na kinywa yake?"

"Na kinywa yake," Dancille alijibu.

Zaina alikigeuza kisu upande wa pili. Kisha akaomba jiwe la kunolea.

Alinoa bila haraka. Kelele zilipungua, kwanza upande wa wanawake, kisha upande wa wanaume, ambao walichelewa kuelewa.

Alimlaza mbuzi, akamwelekeza kibla. Alisema Bismillahi, Allahu Akbar. Akakata mara moja, kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeitazama kazi hiyo miaka ishirini na minane.

Mwiko wa Geneviève ulianguka. Hakuna aliyesema kwamba mwanamke hachinji. Kila mtu aliyekuwa uani alikijua kijiji chake, na alijua ni mwanamke gani anayechinja.

Isidore peke yake alikuwa amegeuka, akiutazama ukuta.

Walichuna, wakakatakata, wakapika. Maini yaliwekwa kwanza katika sufuria yenye mafuta mekundu, kwa kuwa huiva upesi. Hakuna aliyekuwa na mzaha tena. Mara mbili mlio mzito ulisikika kutoka upande wa Nyabiondo, na mara mbili mikono yote ilisimama, kisha ikaendelea.

Jua lilipozama, walitandika uani shitingi, lile turubai la misaada. Wafungaji walikuwa saba, wote wanawake na watoto wa nyumba tatu zile. Wakristo waliokaa pamoja nao walikuwa wengi zaidi, na walingoja bila kugusa chakula, kama walivyofundishwa na Amisi miaka iliyopita.

Dancille alipiga magoti mbele ya Zaina. Alimpa maji ya moto yenye sukari. Kisha akamwekea sahani, ya kwanza kuliko zote: bugali, maharagwe, na maini.

"Dada, futuru."

Zaina alikunywa. Alimega bugali, akachovya, akatafuna, akameza. Alikula kama mtu anywaye dawa chungu, bila kuacha, bila kuinua macho, hadi sahani ikawa nyeupe. Watu walikula kwa sababu yeye alikula.

Jioni hiyo sahani ya mumewe hakuiweka pembeni imngoje. Aliinua kichwa, akaita kwa sauti kuelekea gizani, kule chini njiani.

"Gustave! Kuja ukule, mutoto wa mama. Sahani ya Amisi iko hapa, haina muntu."

Geneviève aliziba mdomo kwa mkono.

Gustave alipanda, akasimama ukingoni mwa shitingi, asiweze kuketi.

"Dancille," Zaina alisema. "Nimekula. Nimeshiba. Nyama ilikuwa yako, na Mungu aliona. Ile futari umenilipa, hakuna tena deni ya chakula kati yetu. Sasa nipatie ile ingine uko nayo."

"Ulijua?"

"Kisu iko na kutu."

"Ulijua, na ukakula?"

"Ulinipatia mbuzi yako ya mwisho. Ningekataa, ungenilipa siku gani? Mwaka kesho?" Zaina alizungusha macho katika watu waliokaa pale. "Nani hapa iko na hakika ya mwaka kesho, anyooshe mukono."

Hakuna mkono ulioinuka.

Basi Dancille alimwambia. Alimwambia habari za barière, za saumu, za risasi, za majani ya mgomba. Hakupunguza kitu. Zaina alisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya magoti. Hakulia. Wanawake wengine ndio waliolia.

"Ni yote?"

Dancille alianza kukusanya sahani.

"Nilikuona hapo chini," Zaina alisema. "Gustave alikuambia ingine kwa sikio. Ulinidanganya saa mbili, dada yangu. Nilikuachia saa mbili zako. Sasa zimeisha."

Dancille aligeuza macho. Hakumtazama mtu. Alilitazama bido la mafuta, lililokuwa karibu na jiko, nusu yake ikiwa imekwisha kutumika.

"Ile bido," alisema, "ni ya Amisi."

Watu wote walimgeukia Isidore.

Alikuwa bado ameshika tonge. Alilirudisha katika sahani taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

"Maharagi yangu ilichukuliwa tukienda," alisema. "Sikukuwa na mafuta. Kwa kurudi, Amisi alikuwa amechoka na saumu, nikamuambia, kaka, nipatie nikubebee. Ilikuwa kwa mugongo yangu. Balipopiga risasi, nilimuona anaanguka. Nikakimbia. Sikugeuka, Mama Zaina. Nilifika hapa nayo."

"Na ukaniambia anangoja mafuta ishuke bei."

"Ulinikimbilia kwa mulango, ukiwa unacheka. Kinywa ilisema hivyo yenyewe. Nikasema, kesho nitamuambia. Na kesho yake pia, na ile ingine."

"Kisha ukaleta mafuta yake kwa futari."

"Nilitaka ikufikie. Sikujua njia ingine."

Midomo ya watu wote pale iling'aa kwa mafuta yaleyale. Geneviève alichukua ncha ya kitenge, akaanza kujipangusa. Kisha akaacha, kwa kuwa haingesaidia.

"Sahani sita nilimuwekea," Zaina alisema. "Sita, Isidore. Na ulipitaka hapa kila jioni, ukaziona."

Isidore alisimama. Alilichukua bido kwa mikono miwili, akalileta, akaliweka miguuni pa Zaina, akapiga magoti nyuma yake. Mafuta yalicheza ndani, yakatulia.

"Ni yako, mama."

"Ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa."

"Hii ni nusu. Nusu ingine batu bamekula, na miye nimekula nayo." Zaina alikichukua kisu cha mumewe kutoka pembeni mwake. Dancille alinyoosha mkono amzuie. Lakini Zaina alikipangusa tu, upande huu na upande ule, akachovya kidole katika mdomo wa bido na kukipaka makali mafuta, kama Amisi alivyofanya sikuzote. "Nusu ingine utailipa na miguu. Kesho, mbele ya jua itoke, utanipeleka kwa ile kaburi."

"Dada!" Dancille alilia. "Banangali pale! Ile barière bako nayo mpaka leo! Na Gustave amesema..."

"Gustave anaweza kunipeleka na hizo mabega?"

"Na eda yako? Mujane wenu si anabakiaka ndani?"

"Eda nitaianza nikisha kuona udongo yake. Nimechinja mbele ya kijiji, Dancille. Banichukulie nini ingine?"

Isidore hakuinuka. Alikuwa amekimbia mara moja katika njia ile, na kila mtu aliyemtazama alijua kwamba mtu huyu hataiweza tena, na kwamba akienda hatarudi, wala yeye wala mwanamke atakayemfuata.

Mlio wa tatu ulisikika kutoka Nyabiondo, karibu kuliko ile miwili ya kwanza. Safari hii haikusimama mikono peke yake. Watu walianza kuwakusanya watoto wao.

Isidore aliifungua kamba ya kubebea iliyokuwa bado imefungwa katika mpini wa bido, ile aliyokimbia nayo. Aliikunja mara mbili, akaipitisha begani mwake, akaikaza.

"Nitakupeleka," alisema.